Émile Coué

Émile Coué de la Châtaigneraie (Troyes, 26 Februari 1857 – Nancy, 2 Julai 1926) alikuwa mfamasia wa nchini Ufaransa aliyepata umaarufu duniani kwa kufundisha njia ya kujiaminisha, yaani mtu kujipandikizia wazo jema akilini mwake kwa makusudi na kwa kulirudia mara nyingi, ili limsaidie kupata nafuu ya maradhi au kufikia lengo alilojiwekea. Njia hiyo ni mojawapo ya vyanzo vya kile ambacho leo huitwa hipnosi ya kujifanyia mwenyewe.

Kabla yake, hipnosi ilihesabiwa kuwa uwezo wa mtaalamu: daktari alimlaza mgonjwa katika hali inayofanana na usingizi, kisha akampa maagizo. Coué aligeuza mambo. Alifundisha kwamba hakuna maneno ya mtu mwingine yanayoweza kumbadilisha mtu mpaka yeye mwenyewe ayapokee moyoni. Kwa hiyo kazi yote hufanywa na mgonjwa au mwanafunzi, na mwalimu huonyesha njia tu. Fundisho hilo lilimletea wafuasi wengi, wapinzani wengi, na maswali ambayo wanasaikolojia bado wanayachunguza.

Maisha ya awali

Coué alizaliwa Troyes, mji wa kale wa eneo la Champagne, kusini-mashariki kwa Paris. Ukoo wa baba yake ulitoka Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, na ulikuwa na jina la kiungwana, ingawa haukuwa na mali. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli.

Kijana Coué alipenda sayansi na alitamani kuwa mkemia. Hali ya fedha nyumbani haikuruhusu masomo marefu ya aina hiyo, hivyo alishika kazi ya ufamasia, ambayo ingemwezesha kujitegemea mapema. Baada ya kupata mafunzo na kusomea Paris, alirudi Troyes na kufanya kazi ya duka la dawa tangu mwaka 1882 hadi 1910. Alimwoa Lucie Lemoine, ambaye familia yake iliishi Nancy, mji wa mashariki mwa Ufaransa. Ndoa hiyo ilimfungulia njia ya kufika katika mji ambao baadaye ungehusishwa daima na jina lake.

Mfamasia wa Troyes

Katika zama hizo mfamasia alichanganya mwenyewe dawa nyingi, tena alizungumza na kila mteja. Coué aliona jambo lililomshangaza: dawa ileile ilionekana kufanya kazi vizuri zaidi pale alipoikabidhi huku akiisifia kuliko pale alipoitoa kimya. Alianza kuambatanisha maneno ya kutia moyo na kila dawa aliyoitoa.

Wanaoandika maisha yake husimulia pia habari za mteja aliyeng'ang'ania kuuziwa dawa ambayo hakuruhusiwa kuipata bila cheti cha daktari. Coué alimpa kitu kisicho na madhara wala nguvu yoyote, na baada ya siku chache mtu huyo alirudi kushukuru kwamba amepona. Siku hizi jambo kama hilo huitwa athari ya plasebo, yaani nafuu inayotokana na matumaini ya mgonjwa na namna anavyohudumiwa, wala si kemikali iliyomo katika kidonge.

Inafaa kukumbuka hali ya tiba ya wakati huo. Antibiotiki hazikuwepo, kifua kikuu hakikuwa na dawa, na insulini ilitumiwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1922 tu, Coué akiwa tayari mzee. Sehemu kubwa ya dawa zilizojaa rafu za maduka zilikuwa na nguvu ndogo. Mfamasia makini aliweza kuona wazi jinsi imani ya mgonjwa ilivyobeba kazi ambayo dawa haikuiweza.

Shule ya Nancy

Kiasi cha miaka ya 1885 na 1886, Coué alikutana mjini Nancy na daktari Ambroise-Auguste Liébeault (1823–1904). Liébeault alitibu maskini kwa hipnosi bila malipo, na kazi yake ilimvutia Hippolyte Bernheim, profesa wa tiba katika mji huohuo. Wawili hao ndio nguzo za kundi la wataalamu linaloitwa Shule ya Nancy.

Kundi hilo lilipingana na Jean-Martin Charcot, daktari mashuhuri wa hospitali ya Salpêtrière huko Paris. Charcot alishikilia kwamba hipnosi ni dalili ya ugonjwa wa neva. Watu wa Nancy walijibu kwamba ni jambo la kawaida linaloweza kumpata karibu kila mtu, na kwamba msingi wake ni ushawishi wa maneno. Hoja ya Nancy ndiyo iliyopata nguvu baadaye.

Coué alijifunza mengi kwa Liébeault, lakini hakuridhika na utaratibu wake, kwa kuwa haukuwa na hatua zilizo wazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliagiza kwa njia ya posta mafunzo ya hipnosi kutoka Rochester, katika jimbo la New York nchini Marekani. Aliyachambua, akaacha yaliyokuwa ya kujitangaza na kubakiza mazoezi yaliyomfaa, kisha akaanza kuyatumia kwa watu.

Kadiri alivyofanya kazi hiyo ndivyo alivyoona kasoro zake. Wapo watu ambao hawakuweza kulazwa katika usingizi wa hipnosi. Wengine walipata nafuu mbele yake, lakini wakarudiwa na shida walipofika nyumbani, kwa sababu walimtegemea yeye. Hatimaye aliacha kabisa kuwalaza watu. Tangu hapo aliwafundisha wakiwa macho, ili waondoke na ujuzi wao wenyewe.

Kliniki ya Nancy

Mwaka 1910 Coué aliachana na kazi ya duka na kuhamia Nancy. Huko, katika nyumba yake iliyokuwa mtaa wa Jeanne d'Arc, alipokea watu bila kuwatoza fedha. Mwaka 1913 yeye na mkewe walianzisha chama cha saikolojia tumizi cha eneo la Lorraine. Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) ilifika karibu sana na mji huo, hata ukashambuliwa kwa mizinga, lakini aliendelea na kazi.

Kikao chake kilikuwa cha watu wengi kwa pamoja. Mabwana wa mjini, wakulima, mafundi, wanawake wenye watoto na askari waliojeruhiwa waliketi chumba kimoja. Coué alimwuliza kila mmoja shida yake kwa ucheshi, bila kumwacha aeleze maumivu yake kwa kirefu. Baada ya hapo aliwafanyisha majaribio mepesi. Katika jaribio mojawapo, mtu alifumbata viganja vyake kwa nguvu huku akijisemea moyoni kwamba hawezi kuviachanisha. Alipolishika wazo hilo barabara, vidole viligoma kweli. Alipobadili wazo, mikono ilifunguka mara moja. Lengo lilikuwa mgonjwa aone kwa macho yake kwamba wazo lililokubaliwa na akili huutawala mwili.

Mwishoni wote walifumba macho, naye akawatajia kwa sauti ya upole mambo mema: kulala vizuri, kusaga chakula vizuri, kuwa na utulivu na kujiamini. Kisha aliwafundisha jinsi ya kuendelea wenyewe nyumbani.

Fundisho la taswira na utashi

Kiini cha mafundisho ya Coué ni kwamba utashi wa mtu ukipingana na taswira iliyomo akilini mwake, taswira ndiyo hushinda. Alitoa mifano ya maisha ya kila siku. Asiyepata usingizi akijilazimisha kulala, huzidi kukesha. Aliyesahau jina la mtu akikazana kulitafuta, hulikosa, na huja lenyewe akishaacha. Anayejifunza baiskeli akiliona jiwe njiani na kuogopa kuligonga, huelekea palepale.

Mfano wake uliojulikana zaidi ni wa ubao. Ubao mrefu wenye upana wa kutosha ukilazwa chini, kila mtu ataupita bila shida. Uinuliwe hadi kimo cha minara ya kanisa kuu, na watu wengi hawatapiga hatua mbili. Ubao haukubadilika, wala miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni taswira ya kuanguka. Ndivyo ilivyo pia kwa mgeni anayefika kwenye daraja la magogo juu ya mto wa milimani, kama yaliyopo Rungwe au Mufindi: mwenyeji hupita akiwa na mzigo kichwani, naye mgeni huganda katikati, ingawa anataka sana kuvuka.

Kwa sababu hiyo Coué hakuwahimiza watu wakaze nia. Kujikaza, kwa maoni yake, huamsha shaka, na shaka huleta kinyume cha kilichokusudiwa. Charles Baudouin, mzaliwa wa Nancy aliyefundisha Geneva, aliliita jambo hilo kanuni ya juhudi iliyogeuzwa katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu ushawishi na kujiaminisha. Coué mwenyewe alidai kwamba nguvu ya taswira huongezeka kwa kipeo cha pili cha nguvu ya utashi. Hiyo haikuwa kanuni iliyopimwa kwa hesabu, bali namna yake ya kusisitiza hoja.

Namna ya kufanya

Njia aliyoagiza ilikuwa rahisi kiasi cha kuwachekesha wataalamu. Inaweza kuelezwa kwa hatua zifuatazo:

1. Wakati unaofaa ni asubuhi mara baada ya kuamka na usiku kabla ya kulala, kwa sababu akili huwa imelegea na haibishi.
2. Mtu hufumba macho na kulegeza mwili.
3. Hurudia mara 20 sentensi fupi inayosema kwamba hali yake inazidi kuwa njema siku hadi siku na kwa kila upande. Coué alipenda sentensi hiyo ya jumla, kwa sababu iligusa mwili, akili na tabia kwa pamoja.
4. Midomo hutikisika na sauti hutoka kiasi cha kusikika na mwenyewe.
5. Kuhesabu hufanyika kwa uzi wenye mafundo 20, ili akili isishughulike na hesabu.
6. Maneno husemwa kwa wepesi kama mtoto anayeimba, bila kujikaza.

Kwa maumivu au hofu ya ghafla alifundisha zoezi lingine: mtu hupapasa taratibu mahali panapouma, au paji la uso ikiwa shida ni ya moyoni, huku akirudia upesi upesi kwamba jambo hilo linapita.

Malengo binafsi na malezi

Coué hakuiona njia yake kuwa ya wagonjwa peke yao. Mtu mwenye kazi ngumu mbele yake alishauriwa aione akilini kuwa nyepesi, na aache kutamka maneno ya kushindwa. Sababu aliyoitoa ni ya kiutendaji: anayeiona kazi kuwa nyepesi hutumia nguvu inayotosha tu, naye anayeiogopa huchoka kabla ya kuanza. Hata hivyo aliweka sharti kwamba lengo liwe la busara na liwezekane. Hakufundisha kwamba maneno yanaweza kuotesha kiungo kilichokatwa au kuleta mali bila kazi.

Alitoa nafasi kubwa kwa malezi. Mzazi alishauriwa akaribie kitanda cha mtoto aliyelala, asimame umbali wa kama mita 1 na kumnong'oneza mara 15 au 20 mambo anayomtakia, kama vile afya, usingizi mzuri, bidii na tabia njema. Aliwataka wazazi na walimu waepuke kumwambia mtoto kwamba ni mvivu au mjinga, maana mtoto huyapokea maneno hayo na kuyatimiza.

Safari na umaarufu

Kitabu chake kidogo kuhusu kujitawala kwa njia ya kujiaminisha kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1920 na kikasomwa sana. Mwaka 1922 Mwingereza C. Harry Brooks alichapisha kitabu kingine kilichoeleza kwa undani vikao vya Nancy. Ulaya ilikuwa imetoka vitani na katika homa ya mafua ya mwaka 1918, na watu wengi walibaki na majeraha, majonzi na usingizi wa mang'amung'amu. Njia isiyodai fedha, dini wala elimu ilipokewa kwa shauku.

Coué alitoa mihadhara Uingereza, kisha Januari 1923 akawasili New York. Waandishi wa habari walimfuata kila alikokwenda, na umati ulijaa kumbi. Mwaka huohuo alitoa kitabu chenye kumbukumbu za safari hiyo. Alikana mara kwa mara kwamba yeye ni mponyaji. Vilevile alikataa watu waache madaktari, kwa maana aliamini kwamba dawa na kujiaminisha vinasaidiana.

Upinzani

Madaktari wengi walimlaumu kwa kurahisisha mno mambo. Hakupima matokeo kwa kulinganisha wagonjwa waliotumia njia yake na wasioitumia, na ushahidi wake ulikuwa hasa shuhuda na barua za shukrani. Magazeti nayo yaliigeuza sentensi yake kuwa mzaha. Nchini Ufaransa hadi leo wanasiasa hutaja njia ya Coué wanapotaka kumcheka mpinzani anayedai kwamba mambo ni mazuri ilhali yanaharibika.

Lawama nzito zaidi inahusu dhamiri. Ikiwa nafuu inatoka katika mawazo ya mgonjwa, basi asiyepona anaweza kudhani kwamba kosa ni lake, kwamba hakuamini ipasavyo. Kwa mwenye saratani au kifua kikuu huo ni mzigo juu ya mzigo. Coué alijaribu kuuepuka kwa kusema kwamba anafundisha kinachowezekana tu, lakini wengi wa waliomsoma haraka hawakuzingatia sharti hilo.

Kifo

Coué aliendelea kusafiri na kufundisha hadi uzeeni. Alifariki Nancy tarehe 2 Julai 1926 akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa katika makaburi ya Préville mjini humo. Sanamu yake iliwekwa katika bustani ya Sainte-Marie, Nancy.

Urithi

Baada ya kifo chake, umaarufu wa jina lake ulipungua kuliko mawazo yake. Mwaka 1932 daktari Mjerumani Johannes Heinrich Schultz alichapisha mfumo wa mazoezi ya kujituliza kwa kuwaza uzito na joto mwilini. Mfumo huo ulitokana zaidi na utafiti wa hipnosi wa Kijerumani, lakini unafanana na wa Coué kwa kumwachia mtu mwenyewe kazi. Kitabu cha Mmarekani Napoleon Hill cha mwaka 1937 kuhusu kufikiri na kutajirika kina sura nzima juu ya kujiaminisha. Semina na vitabu vingi vya kuhamasisha vinavyouzwa leo, vikiwemo vinavyosomwa Afrika Mashariki, vinafuata mkondo huohuo, mara nyingi bila kumtaja mfamasia wa Troyes, na mara nyingi bila masharti yake.

Tathmini ya kisayansi

Utafiti wa baadaye umethibitisha sehemu ya aliyoyaona na kukosoa nyingine. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 wenye maumivu sugu ya utumbo. Waliopewa plasebo huku wakiambiwa wazi kwamba ndani yake hamna dawa walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Jambo hilo linakaribia sana alilolishuku Coué akiwa dukani kwake.

Kwa upande mwingine, mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba kurudia sentensi za kujisifu kuliwasaidia kidogo watu waliokwisha kujiamini, lakini wasiojithamini walijisikia vibaya zaidi. Sababu inayotolewa ni kwamba akili hulikataa dai lililo mbali mno na hali halisi. Gabriele Oettingen naye ameonyesha kwamba kuota ndoto nzuri tu juu ya lengo hupunguza bidii, kwa kuwa akili hujiona imekwisha kufika. Anayewaza lengo lake pamoja na kikwazo kilichopo, kisha akapanga atakavyokivuka, hufanikiwa zaidi.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, tofauti hiyo ni kubwa. Kujituliza kabla ya kulala na kujiona akijibu maswali kwa utulivu kunaweza kumpunguzia hofu inayomfanya asahau alichojifunza. Hakuwezi kumpa asichokisoma. Kwa mgonjwa vilevile, utulivu na matumaini vinaweza kupunguza maumivu na kukosa usingizi, lakini haviwi badala ya vipimo na dawa za hospitali.